Gari la familia litulie barabarani: Fedha ianzie wapi?

Na Mwandishi Wetu

MWENYE gari dogo la familia anayefika Gerezani, Dar es Salaam, akitaka kuliboresha gari lake ili lisirukeruke kwenye mashimo wala lisilalie upande kwenye kona, atapata majibu mengi kwa muda mfupi. Duka la kwanza litampa shokapu za gesi. Duka la pili litamshauri anunue springi ngumu. Fundi aliyekaa nje ya duka atamwambia kwamba dawa ni spesa tu, gari linyanyuke, mambo yaishe.

Wote hao wana bidhaa mkononi na wote wanataka kuuza. Hilo si kosa, ndiyo biashara. Tatizo ni kwamba mnunuzi mara nyingi hutoa fedha kabla ya kujua kilichoharibika, na matokeo yake gari hurudi nyumbani likiwa gumu kuliko lilivyokwenda, huku mtikisiko wa usukani na mlio wa chini vikiwa pale pale.

Wiki hii ukurasa huu unaangalia soko la vifaa vya chini ya gari kwa upande wa mnunuzi mwenye mfuko wa kawaida. Mfano uliochukuliwa ni saluni ya familia aina ya Toyota Premio, ambayo ni nyingi katika barabara za Tanzania na Kenya, lakini maelezo mengi yanafaa pia kwa Allion, Corolla, IST, Noah na magari mengine ya jamii hiyo.

Jambo la kuzingatia tangu mwanzo ni moja: kwa gari la familia, uboreshaji unaolipa ni kulirudisha gari katika hali yake ya kiwandani, kwa vifaa bora na kwa mpangilio sahihi. Yanayozidi hapo yasubiri mpaka hatua hiyo ikamilike.

GARI LILITENGENEZWA KWA MZIGO GANI?

Tangu mwaka 1984, Serikali ya Tanzania iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, magari yaliyotumika kutoka nje yamekuwa yakiongezeka mwaka hadi mwaka, na kwa muda mrefu Japani imekuwa chimbuko lake kubwa. Premio ni gari lililouzwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, na Toyota iliacha kulitengeneza mwaka 2021. Kwa maana hiyo kila Premio iliyopo sokoni ni ya mtumba, na nyingi zimepita umri wa miaka 10.

Umri huo una maana kubwa. Raba haizeeki kwa kilomita pekee, huzeeka pia kwa miaka, joto na mafuta. Gari linaweza kufika bandarini likiwa linang'aa na kilomita chache kwenye dashibodi, lakini bushi zake zimekwisha kupasuka.

Jambo la pili ni mzigo. Nchini Japani uzito wa jumla wa gari dogo unaoandikwa kwenye hati hupatikana kwa kuchukua uzito wa gari na kuongeza kilo 55 kwa kila kiti. Gari la watu watano huongezewa kilo 275, basi. Sasa msomaji apige hesabu ya safari ya Desemba kwenda Moshi. Watu wazima watano wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 350. Mabegi matatu ya kilo 20 ni kilo 60. Gunia moja la mchele ni kilo 50. Jumla ni kilo 460, yaani kilo 185 zaidi ya zile za kwenye hati, katika gari ambalo lenyewe lina uzito wa takriban kilo 1,200.

Hesabu hiyo haimaanishi kwamba gari litakatika katikati. Inaonyesha kwa nini nyuma hukaa chini, kwa nini taa za mbele huangalia juu na kuwaumiza macho wanaokuja, na kwa nini gari hugonga kila tuta kati ya Chalinze na Same. Kabla ya kulaumu springi, mwenye gari ajiulize kwanza kama gunia lile lisingeweza kwenda kwa basi.

SPRINGI HUBEBA, SHOKAPU HUTULIZA

Wanunuzi wengi huchanganya kazi za vifaa hivi viwili, na mkanganyiko huo ndio unaowapotezea fedha.

Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Gari likikaa chini upande mmoja au nyuma, mshukiwa wa kwanza ni springi iliyochoka au iliyokatika, au raba ya kiti chake iliyoliwa. Shokapu ya kawaida haibebi gari. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kubonyea. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma oili kupita kwenye matundu madogo, na upinzani huo wa oili ndio unaotuliza mdundo. Watengenezaji hukadiria kwamba katika barabara ya kawaida shokapu hupanda na kushuka zaidi ya mara 1,000 kwa kila kilomita moja.

Kwa hiyo anayenunua shokapu mpya ili gari linyanyuke amenunua kitu kisicho na kazi hiyo. Na anayeweka springi ngumu juu ya shokapu zilizokufa amezidisha mdundo, kwa sababu springi yenye nguvu zaidi sasa haina wa kuituliza.

Katika magari mengi ya familia vifaa hivi viwili vya mbele hukaa pamoja kama nguzo moja. Mtindo huo umepewa jina la mhandisi wa Kimarekani Earle MacPherson, na ulianza kuonekana kwenye magari ya Ford ya Ulaya karibu na mwaka 1950. Ni mtindo wa gharama nafuu na unachukua nafasi ndogo, lakini una sharti lake: nguzo hiyo ndiyo pia inayoshikilia mwelekeo wa tairi. Ikichoka au ikipinda, starehe hupungua, na usukani na tairi navyo huharibika.

Suala hili lina upande wa usalama ambao hauonekani kwenye bei. Tairi linalodunda halina mshiko barabarani, na tairi lisilo na mshiko halisimamishi gari. Gari lenye shokapu zilizochoka huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, hasa kwenye lami yenye mawimbi. Dereva anayeshuka Kitonga akiwa na mke na watoto haitaji shokapu kwa ajili ya starehe pekee.

CHUNGUZA KABLA YA KUFUNGUA POCHI

Mnunuzi anaweza kufanya uchunguzi wa awali mwenyewe bila kulipa senti.

Kwanza, simama kwenye kona moja ya gari, libonyeze kwa nguvu kisha uachie. Likipanda na kutulia mara moja, shokapu ina uhai. Likiendelea kupanda na kushuka mara mbili tatu, shokapu imekwisha. Angalizo ni kwamba gari linaweza kufaulu jaribio hili na bado shokapu zikawa dhaifu kwenye mwendo wa kasi. Kwa hiyo kufeli ni ushahidi, lakini kufaulu si cheti.

Pili, chungulia mwili wa shokapu. Unyevu mwembamba wa oili karibu na mdomo wake si jambo la kutisha. Oili inayotiririka na kuokota vumbi mpaka chini ni dalili kwamba sili imekufa.

Tatu, pitisha kiganja juu ya tairi. Ukihisi mabonde na vilima kuzunguka tairi, huenda tairi limekuwa likidunda. Likiwa limeliwa upande wa ndani pekee, tatizo huenda ni alaimenti au bushi.

Nne, sikiliza. Mlio wa ko-ko-ko kwenye vishimo vidogo mara nyingi hutoka kwenye linki za stabilaiza, ambazo ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa chini ya gari. Mlio wa kunguruma au springi kuruka unapokata usukani gari likiwa limesimama huelekeza kwenye mauntingi, yaani kikombe cha raba na beringi kilicho juu ya nguzo ya mbele. Kishindo kimoja kizito unapofunga breki au kuondoka mara nyingi ni bushi za amu.

Orodha hiyo ionyeshwe kwa fundi kabla ya kuzungumza bei. Fundi mzuri atapandisha gari juu, atashika tairi na kulitikisa juu na chini, kisha kulia na kushoto, halafu ataingiza mtaimbo kwenye amu kuona kama bushi zinacheza. Fundi anayetaja shokapu kabla ya kufanya hayo anauza, hapimi.

HATUA YA KWANZA NI TAIRI

Tairi ndiyo springi ya kwanza ya gari, na upepo ndio kifaa cha bei ya chini kuliko vyote. Fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Magari ya Japani huandika upepo kwa kPa. Ukiona 220, hiyo ni sawa na psi 32 hivi. 230 ni psi 33. Hata hivyo ni kawaida kukuta gari dogo limejazwa psi 40 kwa imani kwamba tairi gumu hubeba vizuri, kisha mwenyewe analalamika kwamba shokapu ni ngumu. Upepo upimwe asubuhi kabla tairi halijapata joto. Mzigo ukiwa mkubwa, fuata nyongeza iliyoandikwa kwenye kibandiko au kwenye kitabu cha gari kama ipo, usikisie.

Umri wa tairi nao usomwe. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi lenye 1519 lilitengenezwa wiki ya 15 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini raba iliyokauka litakuwa gumu kwenye mashimo na litateleza mvua ikinyesha.

Kuhusu rimu kubwa, hesabu ni rahisi. Tairi la 195/65 R15, ambalo ni la kawaida kwenye saluni za familia, lina ubavu wa takriban milimita 127. Ukipanda kwenye 205/55 R16 ubavu unabaki milimita 113. Ukienda 215/45 R17 unabaki milimita 97. Milimita 30 za raba na upepo zimeondoka, na kila shimo sasa linafika kwenye rimu, bushi na mgongo wa abiria. Gari litajibu usukani haraka zaidi, ni kweli, lakini kwa barabara zetu mwenye familia atakuwa amenunua urembo na kuuza starehe.

HATUA YA PILI NI BUSHI NA VIUNGIO

Bushi za amu, boljointi, linki za stabilaiza, tai rodi endi na mauntingi ni vitu vidogo ambavyo havitangazwi kwa mabango. Lakini ndivyo vinavyolifanya gari kuu kuu lisikike kuu kuu. Gari lenye shokapu mpya na bushi zilizokufa litaendelea kuyumba.

Sokoni kuna bushi za raba na kuna za plastiki ngumu ya polyurethane, ambazo mara nyingi huwa na rangi nyekundu, njano au buluu. Hizo ngumu hudumu na hufanya usukani uwe mkali, lakini hupitisha mtetemo zaidi ndani ya gari, na nyingine hulia zikikosa grisi yake. Kwa gari la mashindano au pikapu ya kazi zina faida. Kwa gari la kupeleka watoto shule, raba yenye ubora wa kiwandani ndiyo chaguo la busara.

Hapa kuna siri ya gereji inayostahili kujulikana. Bushi nyingi za raba zimegandishwa kwenye vyuma vyake viwili, cha ndani na cha nje, na hufanya kazi kwa kujinyonga. Fundi akikaza nati za amu wakati gari liko juu ya jeki na tairi zinaning'inia, bushi hufungwa ikiwa imeelekea chini. Gari likishushwa, raba inakuwa imenyongwa muda wote hata likiwa limeegeshwa, na hupasuka mapema sana. Wengi hulaumu bushi kuwa feki, kumbe kosa ni la ufungaji. Nati hizo zikazwe mwisho wakati tairi zimebeba uzito wa gari. Mteja amwambie fundi hivyo mapema, na asimame aone.

HATUA YA TATU NI SHOKAPU

Watengenezaji wakubwa kama KYB ya Japani na Monroe ya Marekani hushauri shokapu zikaguliwe kila kilomita 20,000 na kufikiriwa kubadilishwa zinapofika kilomita 80,000 hivi. Ushauri huo unatoka kwa wanaouza, ni kweli, lakini katika barabara zenye matuta na mashimo si rahisi kuupinga.

Aina zilizopo kwa gari la familia ni tatu. Ya kwanza ni shokapu ya oili peke yake. Ni laini na ya bei nafuu, lakini ikifanya kazi kwa haraka na kwa muda mrefu, oili huchanganyika na hewa ikawa povu, na povu halina upinzani. Ndiyo maana gari linaweza kuwa zuri mjini na kulegea baada ya saa nzima ya barabara ya kokoto.

Ya pili ni ya mirija miwili yenye gesi ya naitrojeni ya shinikizo dogo. Gesi huizuia oili isitoe povu. Hii ndiyo inayofaa saluni nyingi za familia, kwani haibadilishi sana ulaini wa gari na hudumu vizuri kwenye joto.

Ya tatu ni ya mrija mmoja yenye gesi ya shinikizo kubwa, ambalo linaweza kufika bar 20 na zaidi. Hupoa haraka na hulishika gari vizuri kwenye kasi na kona. Lakini ni ngumu zaidi, bei yake ni ya juu, na pistoni yake inatembea moja kwa moja kwenye ukuta wa nje. Jiwe likiubonyeza ukuta huo, shokapu imekwisha. Anayeishi mwisho wa barabara ya vumbi alifikirie hilo.

Mnunuzi akitaka kuhakikisha dai la gesi, akate kamba inayobana fimbo ya shokapu mpya hapo hapo dukani, kwa ruhusa ya mwenye duka. Ya gesi itainuka yenyewe. Ya oili peke yake itabaki ilipo.

Shokapu zibadilishwe kwa jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma. Kubadilisha moja ni kulifanya gari liwe na mguu mmoja mzima na mwingine mgonjwa. Za mbele zikifunguliwa, mauntingi, kofia ya vumbi na raba ya kuzuia kugonga zibadilishwe kama zimechoka, kwani gharama ya ufundi ya kurudia kazi hiyo ni ile ile.

Onyo la usalama kwa mafundi vijana: nati ya juu ya nguzo ya mbele isifunguliwe kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake. Springi iliyobanwa vibaya huruka kwa nguvu inayoweza kuua.

SPRINGI, SPESA NA STABILAIZA

Baada ya hatua tatu hizo, magari mengi ya familia huwa yametulia, na mwenye gari hugundua kwamba hakuhitaji zaidi. Anayebaki na haja ya kweli, kwa mfano anayebeba mzigo kila siku au kuishi kwenye njia mbovu, ndiye wa kuangalia springi.

Springi mpya ya kiwango cha kiwandani hurudisha urefu uliopotea kwa uzee. Springi ya mzigo, ambayo chuma chake ni kinene au imeongezwa urefu kidogo, hubeba zaidi, lakini gari likiwa tupu litarukaruka. Kwa magari makubwa kama Prado na Hilux kuna seti kamili za springi na shokapu zinazolingana, kama zile za Old Man Emu za Australia. Kwa saluni ndogo seti za namna hiyo ni adimu, na ndipo spesa inapoingia.

Spesa ni kipande cha alumini, plastiki au raba kinachowekwa juu ya nguzo au kwenye kiti cha springi ili gari linyanyuke. Ni dawa ya haraka na ya bei ndogo, na kwa kimo kidogo huweza kusaidia gari linalogonga matuta. Lakini haiongezi uwezo wa kubeba hata kilo moja. Kadiri inavyokuwa nene, ndivyo shokapu inavyofika mwisho wa urefu wake mapema, shafti za magurudumu ya mbele zinavyofanya kazi kwa pembe kali, na kitovu cha uzito kinavyopanda. Gari lililonyanyuliwa sana hulalia upande zaidi kwenye kona, na ndilo jambo ambalo mwenye gari alitaka kuliondoa.

Zile raba za kuchomeka katikati ya pete za springi ziepukwe. Huzuia pete moja isifanye kazi na kuzitwisha nyingine, na springi huweza kukatika.

Kwa anayesumbuliwa na gari kulalia upande, stabilaiza nene ni njia nzuri zaidi kuliko springi ngumu, kwa kuwa hufanya kazi pale upande mmoja unapobonyea kuliko mwingine. Tuta linalopitwa na tairi zote mbili kwa pamoja halitaongezeka ugumu. Shimo la tairi moja litahisiwa zaidi. Kwenye gari linalovutwa na tairi za mbele, stabilaiza nene ya mbele peke yake hulifanya gari lizidi kukataa kukata kona, hivyo ushauri wa fundi mzoefu unahitajika.

ALAIMENTI SI HIARI

Ukifungua nguzo ya mbele, amu au tai rodi endi, umebadilisha pembe za tairi. Kazi imalizike kwenye mashine ya alaimenti, na mteja apewe karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Gereji inayosema imepima kwa macho haijapima. Seti ya tairi mpya inaweza kuliwa upande mmoja ndani ya miezi michache kwa kukwepa gharama hii ndogo. Kwa magari yenye mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza, sensa ya usukani nayo huenda ikahitaji kurekebishwa. Urefu wa gari ukibadilika, taa za mbele zipimwe upya.

HALI YA BIDHAA SOKONI

Anayenunua Gerezani, Ilala, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala atakutana na madaraja manne ya bidhaa. Kuna ya boksi la kampuni ya gari. Kuna ya watengenezaji wanaoviuzia viwanda vya magari, ambayo mara nyingi ndiyo yenye uwiano mzuri wa bei na ubora. Kuna ya majina mapya, ambayo ubora wake hutofautiana sana. Na kuna mtumba.

Shokapu ya mtumba ni bahati nasibu. Oili na sili zimekaa humo kwa miaka, na hakuna anayejua imetembea kilomita ngapi. Kama hakuna njia nyingine, isimamishe wima, ibonyeze na kuivuta mara kadhaa. Upinzani uwe sawa mwanzo hadi mwisho, pasiwe na sehemu tupu, na fimbo isiwe na kutu wala mikwaruzo. Shokapu iliyopakwa rangi mpya juu ya kutu, au yenye alama ya kuchomelewa, huenda imefunguliwa na kujazwa oili mtaani. Iache. Amu na springi za mtumba ambazo hazijapinda wala kukatika zina unafuu, mradi bushi zake zibadilishwe.

Kuhusu bidhaa bandia, boksi si ushahidi. Linganisha namba ya kifaa iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye boksi, kisha zote mbili na namba ya chasisi ya gari lako. Usiseme tu kwamba unataka shokapu ya Premio. Premio ya NZT260 na ZRT260 ni za tairi mbili za kuvuta. Ile ya tairi nne, kama ZRT265, ina mpangilio tofauti nyuma. Muuzaji asiyeuliza namba ya chasisi anakisia kwa fedha yako.

Dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa, na muafaka wa kurudisha uandikwe. Nchini Tanzania Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Nchini Kenya kuna mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Malalamiko bila risiti hayafiki mbali.

MPANGILIO WA MATUMIZI

Mwenye fedha kidogo aanze na upepo, alaimenti na linki za stabilaiza. Akipata nyingine, bushi na boljointi. Akiwa na akiba ya kutosha, jozi ya shokapu za mbele pamoja na mauntingi yake, kisha jozi ya nyuma. Springi ziwe mwisho, na spesa iwe kwa sababu inayoelezeka. Asinunue vyote siku moja: abadilishe hatua moja, aendeshe wiki moja, ndipo aamue kama anahitaji inayofuata. Wengi wataishia hatua ya pili au ya tatu, na fedha iliyobaki itanunua tairi mpya.

Safari za Desemba zisisubiriwe. Wiki mbili za mwisho kabla ya sikukuu mafundi huwa na foleni, kazi hufanywa kwa haraka, na nati hukazwa hewani. Mwenye akili ya biashara hufunga vifaa vyake mapema, wakati fundi ana nafasi na bei ina mazungumzo.

Kwa wenye gereji, nafasi ipo wazi. Anayepima kwanza, akamwonyesha mteja bushi iliyopasuka, akakaza nati gari likiwa chini na kutoa karatasi ya alaimenti, atapoteza mauzo ya shokapu mbili leo. Lakini mteja huyo atarudi na gari la shemeji yake, na la jirani, na la bosi wake kazini.